Charles Stokes: Faida ya Baruti na Kitanzi cha Mshindani

Katika habari za Wazungu waliopita nchi zetu karne ya 19, wasomaji wamekwisha kuzoea majina ya wapelelezi, wanajeshi na wahubiri wa dini. Speke, Stanley, Mackay na Lugard wanatajwa mashuleni hata leo. Mfanyabiashara huachwa pembeni, kana kwamba alikuja kupima nguo kwa mkono, akatia faida yake mfukoni, kisha akaenda zake bila kubadili kitu. Leo tumekusudia kueleza maisha ya mmoja wao, Charles Henry Stokes, mtu wa Ireland aliyeianza safari yake ya Afrika kwa Biblia, akaiendeleza kwa pembe za ndovu na baruti, na kuimalizia kitanzini huko Kongo, alfajiri ya tarehe 15 Januari 1895.

Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa swali ambalo hapa Kakiika, ubavuni mwa mji wa Mbarara, halikauki vinywani mwa watu. Mwenye ng'ombe hulalamika kwamba mnunuzi wa maziwa amemnyonya. Mnunuzi naye hulalamika kwamba mwenzake wa ng'ambo ya barabara amepandisha bei makusudi ili amfukuze sokoni. Mnywaji wa maziwa, ambaye ndiye mwenye kulipa, huwaita wote wawili walanguzi. Je, faida ya mmoja lazima iwe dhara kwa mwingine? Wapo wanaojibu ndiyo kabla swali halijaisha, na wapo wanaojibu hapana kwa haraka ile ile. Katika kisa cha Stokes majibu yote mawili yanapata taabu.

Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852. Ujana wake haukuwa na jambo kubwa la kusimulia. Alifanya kazi ya ukarani katika mji wa bandari wa Liverpool, kisha akajiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana kinachojulikana kwa herufi CMS. Mwaka 1878 alitumwa Afrika ya Mashariki akiwa mwalimu asiye padri, na mwaka uliofuata alifika Buganda katika enzi ya Kabaka Mutesa. Hakukaa huko. Wakubwa wake walitambua upesi kwamba kijana huyu hakuwa na kipaji kikubwa cha kuhubiri, ila alikuwa na kipaji kingine ambacho misheni ilikihitaji zaidi: alijua kuongoza misafara.

Hapana budi tueleze msafara ulikuwa nini, maana bila hivyo maisha ya mtu huyu hayaeleweki. Zamani zile hapakuwa na reli wala barabara ya gari kutoka pwani hadi ziwa kubwa. Kila kitu, kuanzia misumari ya kujengea kanisa hadi karatasi za kuchapia vitabu, kilibebwa mabegani na vichwani mwa watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, na safari ilichukua miezi. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma ukafuata mstari mrefu wa Wanyamwezi, na kila nchi iliyopitwa ilikuwa na mtemi wake aliyestahili kulipwa hongo ndipo njia ifunguke. Kiongozi asiyejua kuzungumza na watemi alikwama. Kiongozi aliyewapunja wapagazi posho aliamka asubuhi akaikuta mizigo imelala chini na watu wametoweka. Stokes alizungumza Kiswahili vizuri, alijua adabu za njiani, na watu walikubali kumfuata mara ya pili na ya tatu. Sisi wenye kazi ya jeshi tunajua thamani ya sifa hiyo, kwani katika chuo cha maofisa wanafunzi somo la kupeleka chakula na risasi mbele lilitutoa jasho kuliko somo la kulenga shabaha.

Katika kazi hii ya kuchukua mizigo hatuoni ubaya wa faida. Mnyamwezi alikuwa mtu huru aliyeuza nguvu zake kwa ujira wa nguo, na kadiri walivyozidi wenye misafara, ndivyo alivyozidi kuwa na mahali pa kuchagua. Waarabu na Waswahili wa pwani walimtaka, Wahindi wa Zanzibar waliokopesha mtaji walimtaka, misheni ilimtaka, na Stokes naye akamtaka. Kushindana kwao kulimpa mpagazi sauti. Hakika safari zile zilikuwa na taabu nyingi, na ndui na njaa viliua watu wengi njiani. Hata hivyo mpagazi wa kulipwa aliyeona ujira hautoshi aliweza kukataa, na tungependa msomaji akumbuke neno hilo, kukataa, kwa sababu tutalirudia mbele.

Mwaka 1883 Stokes alioa Mwingereza, Ellen Sherratt, kule Zanzibar.  Mke alifariki 1884 muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kike. Baadaye Stokes akamwoa Limi, binti wa ukoo wa mtemi Mitinginya wa Usongo, katika nchi ya Wanyamwezi kaskazini ya Tabora. Wamisionari hawakuipenda ndoa hiyo, wala hawakuupenda uwindaji wake wa ndovu na biashara aliyokuwa ameanza kuifanya ubavuni mwa kazi ya dini. Wakaachana naye. Inawezekana kwamba walifurahi kumtoa. Hawakujua kwamba baada ya miaka michache wataomba msaada wake.

Tangu hapo Stokes akawa mfanyabiashara kamili. Usongo palikuwa ngome yake, ukoo wa mkewe ulimpa wapagazi, na mashua yake ilikata maji ya ziwa. Alitaka pembe za ndovu. Na wenye pembe, watawala wa Buganda, Bunyoro, Karagwe na Ankole, hawakutaka tena shanga na merikani peke yake. Walitaka bunduki.

Sababu ya tamaa hiyo yapasa ielezwe. Majeshi ya Ulaya katika miaka hiyo yalikuwa yakitupa bunduki zao za zamani na kuchukua za namna mpya zinazojazwa kwa nyuma. Silaha zilizotupwa hazikuyeyushwa. Ziliuzwa kwa bei ya chini kwa wafanyabiashara, zikapakiwa merikebuni, zikateremshwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka mmoja. Zilinunuliwa kwa bei ya vyuma chakavu na kuuzwa kwa bei ya meno ya ndovu. Ni biashara gani nyingine ingeweza kumpa mtu faida namna hiyo?

Mwaka ule ule wa 1888 Buganda ilipinduka. Mwezi Septemba Kabaka Mwanga aliondolewa kitini, na mwezi uliofuata Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini. Wakristo hao, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, wakakimbilia Ankole, kwa Mugabe Ntare wa tano, aliyewapa ardhi huko Kabula. Tunalitaja jambo hili kwa fahari. Watu husema kwamba Ankole ilianza kupokea wakimbizi walipokuja ndugu zetu wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na makazi ya Nakivale yakaanzishwa; kumbe miaka 70 kabla ya hapo nchi hii ilikuwa imekwisha kufungua mlango.

Mwanga mwenyewe alikimbilia kusini ya ziwa, mwisho akahifadhiwa na mapadri wa Kifaransa huko Bukumbi. Hapo ndipo Stokes alipoingia katika historia. Mwaka 1889 alimchukua Mwanga katika mashua yake pamoja na bunduki na baruti, akamrudisha kaskazini. Wakristo wa Ankole wakatoka Kabula, vita vikapigwa. Mwezi Oktoba 1889 Mwanga akaingia Mengo, akafukuzwa tena, kisha akarudi kwa ushindi mwezi Februari 1890. Bila silaha za Stokes ni vigumu kuona jinsi angeweza kurudi. Wamisionari waliomfukuza mfanyabiashara kwa sababu ya biashara yake, wakarudi Buganda kwa njia iliyofunguliwa na biashara hiyo. Naye Stokes aliahidiwa pembe.

Msomaji ataona jinsi hukumu inavyokuwa ngumu. Mwanga alinunua kwa hiari, Stokes aliuza kwa hiari, kila mmoja alipata alichotaka, hakuna aliyedanganywa. Mtaalamu wa uchumi angesema kwamba biashara ilikuwa safi. Lakini mkulima wa Singo au Buddu ambaye nyumba yake ilichomwa mara tatu katika vita vile, mara na kundi hili, mara na kundi lile, hakuwapo walipopatana bei. Sehemu ya gharama ya bunduki ile aliilipa yeye, na haikuandikwa katika daftari la Stokes wala la Mwanga. Tukiulizwa dhara la faida liko wapi, tutaonyesha hapo kwanza: katika gharama ambayo muuzaji na mnunuzi wamekubaliana aibebe mtu wa tatu asiyeitwa.

Wala mambo hayakuishia hapo. Silaha zilizokwisha kuingia nchini hazirudi pwani. Mwezi Januari 1892 Wakristo wale wale waliokula pamoja ukimbizini Kabula walipigana wao kwa wao juu ya kilima cha Mengo, Wakatoliki upande mmoja na Waprotestanti upande wa pili, na Kapteni Lugard akiwagawia Waprotestanti bunduki kutoka ghala la Kampuni ya Kiingereza.

Lugard ndiye aliyejitia kuizuia biashara ya Stokes. Mwaka 1891 alipita Ankole akaelekea magharibi, akachanjiana udugu na mjumbe wa Ntare kwa desturi ya omukago, na katika mkataba ule Ntare aliahidi kuzuia bunduki na baruti zisipite nchini mwake kutoka upande wa Wajerumani. Ankole ilikuwa mlango. Mizigo ilitoka Karagwe, ikapanda kaskazini katika nchi hizi zetu za malisho, ikamfikia Mukama Kabalega wa Bunyoro. Nchi yenyewe ilikuwa katika dhiki kubwa wakati huo, kwa maana sotoka ilikuwa imekwisha kuwafagia ng'ombe, na mtu aliyebaki na fimbo bila ng'ombe alitazama tu misafara ya baruti ikipita.

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulitoa sheria ya kuzuia silaha zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na waliotia sahihi walitaja huruma yao kwa mtu mweusi na vita dhidi ya utumwa. Lakini waliopiga marufuku magobole ya Kabalega walikuwa na mzinga wa Maxim mikononi. Kwa Kabalega bunduki iliyopita Ankole ilikuwa ngao ya nchi yake, na kwa ngao hiyo aliwasumbua wavamizi hadi alipokamatwa mwaka 1899. Basi si kila muuza silaha alimdhuru kila mnunuzi, wala si kila aliyezuia biashara hiyo aliizuia kwa ajili ya upole. Tunakiri kwamba hatukupata mizani ya kupima jambo hili hadi chembe ya mwisho. Tunachojua ni kwamba Stokes hakuuza kwa kupima haki ya mnunuzi. Aliyekuwa na pembe alipata baruti.

Kwa muda mfupi aliingia katika utumishi wa Wajerumani, tangu 1890 hadi 1892, akiwasaidia kupatana na watemi wa kusini ya ziwa ambao yeye aliwajua kuliko ofisa yeyote. Hakuelewana sana na Emin Pasha, aliyekuwa mkubwa wake. Akaiacha kazi hiyo akarudia misafara. Lakini nchi za ziwa zilikuwa zimekwisha kubadilika: mpaka umechorwa, Waingereza upande huu, Wajerumani upande ule, sheria za silaha zimekazwa, na ndovu wamepungua. Mfanyabiashara wa namna yake alibaki na upande mmoja tu wa kutazama, nao ni magharibi. Mwaka 1894 aliuelekeza msafara wake Kongo.

Sasa tumwache Stokes njiani kidogo tuitazame Kongo yenyewe. Nchi ile kubwa iliitwa Dola Huru, na mali yake ilikuwa ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji. Mwaka 1885 alikuwa ameahidi mbele ya mataifa kwamba biashara ya Kongo itakuwa huru kwa watu wote. Ahadi haikudumu. Kuanzia 1891 na 1892 amri zake ziliyafanya pembe na mpira wa misituni katika sehemu kubwa ya nchi kuwa mali ya dola. Mwananchi aliyekusanya pembe akamuuzia mfanyabiashara alihesabiwa kuwa ameuza mali ya wizi, na mfanyabiashara aliyenunua alihesabiwa mpokeaji wa wizi. Maofisa wa dola, ambao walikuwa wanajeshi, walipewa bakshishi kwa kadiri ya mali waliyoikusanya, na kadiri walivyoipata kwa bei ndogo ndivyo bakshishi ilivyokuwa kubwa. Kwa maneno mengine, duka, kambi, forodha na mahakama vilikuwa na mwenye mmoja, na karani wa duka alivaa upanga.

Wakati huo huo dola ilikuwa imetoka katika vita na Waarabu na Waswahili wa Kongo ya mashariki, waliokuwa washindani wake wakubwa katika pembe. Vita hivyo vilitangazwa kuwa vya kukomesha utumwa. Hatuwatetei waliouza watu; lakini pembe zilizotekwa hazikurudishwa kwa wenyewe. Mmoja wa wakubwa waliobaki alikuwa Kibonge, aliyeshutumiwa kwa kifo cha Emin Pasha mwaka 1892. Kibonge alikuwa amekwisha kufanya biashara na Stokes.

Mwanzoni mwa 1895 Kapteni Lothaire wa jeshi la Dola Huru alimkamata Kibonge akamuua. Katika vitu vya Kibonge ilipatikana barua ya Stokes. Lothaire akamtuma Luteni Henry amkamate mfanyabiashara huyo msituni. Stokes hakupigana. Pengine alidhani kwamba mzozo wa wafanyabiashara humalizwa kwa faini na maneno, kama alivyokuwa amemaliza mizozo yake na watemi kwa miaka 15. Aliletwa Lindi, na tarehe 14 Januari mahakama ya kijeshi ikakaa, Lothaire akiwa hakimu. Shtaka lilikuwa kuwauzia bunduki, baruti na fataki maadui wa dola.

Hapakuwa na karani wa kuandika kesi. Maelezo yaliyochukuliwa hayakusomwa barazani. Stokes, raia wa Uingereza na mtu asiye askari, alistahili kukata rufaa Boma, hakuruhusiwa. Alfajiri iliyofuata akanyongwa. Pembe zake zikachukuliwa na dola ile ile iliyomhukumu, ambayo maofisa wake walikuwa na bakshishi katika pembe.

Sisi tuliosomeshwa sheria za kijeshi tunasoma habari hiyo kwa uchungu wa aina yake. Huenda Stokes alikuwa na hatia. Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza, alisema mambo yenye maana kwamba ikiwa kweli mtu huyu alishirikiana na wauza watumwa, basi alistahili kamba. Lakini hakimu mwenye faida katika mali ya mshtakiwa hawezi kujua, hata akitaka, kama anaadhibu kosa au anaondoa mshindani. Ndiyo maana askari hulishwa na taifa: asiwe na duka.

Habari zilifika Ulaya Agosti 1895, na magazeti yakawaka moto. Watu waliokuwa hawana neno juu ya Waafrika waliokufa katika Kongo walishtuka kusikia kwamba Mzungu amenyongwa. Dola Huru ikailipa Uingereza faranga 150,000, na Ujerumani, ambayo Usongo ilikuwa katika koloni yake, faranga 100,000. Amri mpya ikatolewa kwamba Mzungu asihukumiwe kifo tena kwa namna ile. Juu ya Mwafrika amri haikutaja kitu. Lothaire alishtakiwa Boma mwaka 1896 akaachiliwa, na rufaa ikasikilizwa Brussels mwezi Agosti mwaka huo huo, akaachiliwa tena.

Kilichofuata Kongo ndicho tunachotaka wapinzani wa ushindani wakitazame kwa makini. Wafanyabiashara wadogo wa mashariki walikuwa wameondolewa: Waarabu, Waswahili, na Mwairishi huyu. Katika sehemu kubwa ya misitu ya Kongo hapakuwa na mtu wa kushindana na dola na makampuni yaliyopewa nchi na mfalme. Kama ushindani ndio ungekuwa mzizi wa dhara, basi wanavijiji wangepata nafuu. Badala yake walilazimishwa kuleta mpira kwa kipimo walichowekewa. Wanawake wao walishikwa rehani hadi kikapu kijae. Vijiji vilivyochelewa viliingiliwa na askari, na mikono ilikatwa. Bei haikupatanwa, kwa kuwa hapakuwa na kukataa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeona posho ya Stokes ni ndogo aliutua mzigo chini; mkusanya mpira wa Kongo hakuwa na mahali pa kuutua wake. Ripoti ya Roger Casement iliyotolewa 1904, pamoja na kelele za Morel, zilimlazimisha Leopold kuiachia Kongo serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, na kisa cha Stokes kilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyowafanya Waingereza waitilie shaka dola ile.

Hata hivyo hatusemi kwamba mfanyabiashara huru ni malaika aliyedhulumiwa na serikali. Tumekwisha kuona alichouza. Wala haifai kuwanyoshea kidole Wabelgiji wa zamani peke yao. Katika vita vya 1998 hadi 2003 majeshi ya nchi kadhaa, yetu ikiwamo, yalikuwa katika Kongo hiyo hiyo ya mashariki. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba uporaji wa mali ya asili haukuwa siasa ya serikali yetu, lakini kwamba wapo maofisa na askari walioufanya na wakubwa hawakuuzuia. Mwaka 2022 mahakama ikapanga fidia ya dola za Marekani milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili. Uganda ilianza kulipa mwaka huo huo. Sisi wa idara ya uhusiano huulizwa mara nyingi habari za ujenzi wa barabara na mashindano ya mpira. Hili nalo ni habari ya jeshi, na kijana anayeingia chuo cha maofisa leo afadhali aijue.

Wengi wa waliokimbia machafuko ya Kivu na Ituri wako Nakivale sasa, mwendo wa saa chache kutoka hapa, na Kiswahili chao kinasikika hadi katika maduka ya Mbarara. Siku ya soko katika makazi hayo Mkongomani anauza vitenge, Msomali anauza sukari na mafuta, Mrundi anauza maharage, na Munyankore kutoka vijiji vya Isingiro anakuja na matoke yake. Wanashindana sana, wala hawapendani siku zote. Wenyeji wengine hulalamika kwamba mgeni anauza kwa bei ya chini mno. Wageni hulalamika kwamba bei ya matoke hupanda wanapoonekana. Manung'uniko hayo si ya kupuuzwa, kwa kuwa duka likifungwa watoto wa mwenye duka hulala njaa, na hiyo ni gharama halisi ya ushindani. Lakini mama aliyekataa bei ya Mkongomani anavuka uchochoro anakwenda kwa jirani yake, na Mkongomani hana la kumfanya ila kumwita arudi.

Kuhusu watu wa kisa chetu, Mugabe Ntare alifariki mwaka ule ule wa 1895, na Ankole ikaingia katika mikono ya Waingereza miaka michache baadaye. Mwanga alikufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Kabalega, aliyepelekwa huko huko, alifia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Lothaire, baada ya mahakama kumwachilia, hakurudi katika jeshi la Dola Huru. Alirudi Kongo akiwa mkurugenzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa Anversoise, katika nchi ya Mongala, ambako kampuni hiyo haikuwa na mshindani hata mmoja. Aliondoka huko mwaka 1900, wakati kashfa ya mauaji ya wanavijiji ilipofichuka, akarejea Ubelgiji, na alikufa mwaka 1929.